Pesa ya Nyumbani: Ziwani Kutoka Mani Oda Hadi Simu ya Mkononi

Anayetaka kujua kwa nini pesa ya simu ya mkononi ilishika kasi Nairobi kuliko katika miji mingi tajiri aanzie Eastlands, na ndani ya Eastlands aanzie Ziwani. Ni mtaa wa kanjo, yaani wa nyumba za serikali ya jiji, ulio karibu na katikati ya jiji kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kazini kwa miguu. Upande mmoja kuna Kariokor, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Carrier Corps wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande mwingine kuna Starehe, ambako Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha wavulana mwaka 1959. Gikomba na Pumwani hazipo mbali.

Manispaa ya Nairobi ilijenga Ziwani katika miaka ya 1940, kipindi kilekile cha Kaloleni na mitaa mingine ya Waafrika mashariki mwa jiji. Fikra iliyotawala makazi ya Waafrika kwa muda mrefu ilikuwa kwamba Mwafrika ni mgeni mjini: anakuja kufanya kazi, na kazi ikiisha anarudi kwao. Mke abaki shambani, watoto wasomee kijijini, wazee wazikwe huko. Mshahara ulipimwa kwa kipimo hichohicho. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri waziwazi kwamba mshahara wa chini kabisa ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hadi uweze kulisha familia. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji katika Operesheni Anvil, msako wa wapiganaji wa uhuru. Mitaa ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini. Hata aliyebaki alielewa kwamba kuishi mjini ni jambo la kibali.

Ndiyo maana naamini historia ya simu na kompyuta hapa haianzi na mitambo. Inaanza na serikali iliyoamua kuwatenga watu na familia zao kisha ikawalipa mshahara usiotosha kuwaunganisha tena. Kila chombo cha mawasiliano kilichofika Ziwani tangu hapo kimepimwa kwa swali moja: kitafikisha nyumbani habari na pesa?

Njia ya kwanza ilikuwa mtu mwenyewe. Mwisho wa mwezi, au Krismasi kama mwezi ulikuwa mgumu, alipanda basi na sukari, majani ya chai, sabuni na noti alizozificha nguoni. Njia ya pili ilikuwa mtu mwingine: jirani anayesafiri, mtu wa ukoo, au kondakta wa basi la mashambani aliyejulikana kwa uaminifu wake. Bahasha ilifungwa kwa gundi, jina la mpokeaji likaandikwa juu, na ndani kukawekwa barua fupi inayotaja kiasi kilichomo, ili aliyebeba asijaribiwe njiani. Pesa nyingi zilifika kwa njia hiyo, na nyingine zikapotea, na aliyezipoteza hakuwa mwizi kila wakati. Mabasi yaliharibika, watu waliibiwa, wengine walifika wakamkuta mpokeaji ameenda matangani.

Njia ya tatu ilikuwa posta. Benki ya Akiba ya Posta ilianzishwa mwaka 1910, na mani oda ikawa karatasi inayojulikana na kila mfanyakazi wa Eastlands. Ilikuwa salama kuliko bahasha ya kondakta, lakini ilidai subira. Aliyetuma alipiga foleni mjini, na karatasi ikasafiri kwa siku kadhaa. Mpokeaji naye alilazimika kwenda hadi posta yenye pesa taslimu, ambayo mara nyingi ilikuwa katika mji mdogo ulio mbali na boma lake, akiwa na kitambulisho na nauli. Mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa Jumatatu angeweza kupata pesa za dawa Jumatatu iliyofuata.

Habari zilikwenda kwa mwendo huohuo, isipokuwa zile za kifo. Hizo zilipitia redioni. Matangazo ya vifo ya Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilirudi kuitwa KBC, yaliwafanya watu wanyamaze jioni katika nyumba za Ziwani, kila mmoja akisikiliza kama litatajwa jina la kwao au la kijiji chao. Redio hiyohiyo ilisoma kadi za salamu: mtu wa Nairobi aliwasalimu kwa majina watu kumi walioko Busia, Kitui au Lamu, na siku kadi yake iliposomwa alijiona amefika kwao. Wanaozikumbuka kadi hizo leo kwa kucheka wanasahau kwamba zilikuwa na kazi. Kwa aliyeisikia nyumbani, salamu ya redio ilikuwa hati kwamba mwanawe yuko hai.

Simu zilikuwepo, lakini hazikuwa za watu hawa. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na tangu hapo ofisi ya Nairobi iliweza kuzungumza na London kwa urahisi kuliko mlinzi wa ofisi hiyo alivyoweza kuzungumza na mkewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu liligawanyika, na Kenya ikaunda lake, KPTC. Kuomba laini ya simu kulihitaji miaka ya kungoja au mtu wa kukusemea. Karne ilipokwisha nchi ilikuwa na laini za mezani zipatazo 300,000 kwa watu wapatao milioni 30, na nyingi zilikuwa ofisini na katika mitaa ya wenye nacho. Mtu wa Ziwani alitumia kibanda cha simu, sarafu mkononi, foleni nyuma yake ikimhimiza amalize. Na alimpigia nani? Alipiga kwenye shule au duka lenye simu karibu na kwao, akaomba mtu atumwe kumwita mama, akakata, akarudi foleni.

Simu ya mkononi ya kwanza nchini ilikuja mwaka 1993, bado chini ya KPTC, na kifaa kimoja kiligharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa miaka saba ilibaki mikononi mwa mawaziri na matajiri. Mwaka 2000 mambo yaligeuka. Vodafone ya Uingereza ilinunua asilimia 40 ya Safaricom, kampuni iliyochipuka ndani ya KPTC, na Michael Joseph akaletwa kuiongoza. Mwaka uleule KenCell, iliyokuja kuitwa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel, ikaingia sokoni. KenCell ilitoza kwa dakika. Safaricom iliamua kutoza kwa sekunde, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulifungua mtandao kwa maskini kuliko mnara wowote. Mtu mwenye shilingi kumi hana dakika za kupoteza. Ana sentensi mbili za kusema, na sasa aliweza kuzilipia hizo mbili tu.

Watu wa mtaani walichukua chombo hicho wakakipinda kwa mahitaji yao. Kadi ya Bamba ilikwanguliwa kwa sarafu, tarakimu zikabonyezwa, na salio likatunzwa kwa uangalifu. Aliyekosa kredo, yaani salio hilo la maongezi, aliflashi: simu inalia mara moja, inakatwa, na aliyepigiwa anajua nani anamtafuta. Wengi walipatana kabisa, mlio mmoja nimefika salama, milio miwili nipigie. Wasio na simu walienda kwenye vibanda vya Simu ya Jamii, ambako mwenye kibanda aliwauzia maongezi kwa bei nafuu. Soko la simu kuukuu lilishamiri Luthuli Avenue, na mafundi wakajifunza kufungua kila aina. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kupewa jina la mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, ilifaa kabisa vyumba ambamo stima hupotea bila taarifa. Betri ilikaa siku nyingi, na ukiiangusha uliiokota ukaendelea na maongezi.

Mwaka 2005 Safaricom ilianzisha Sambaza, huduma ya kumtumia mtu mwingine sehemu ya kredo yako. Ilikusudiwa kwa maongezi, lakini watu waliona ndani yake kitu kikubwa zaidi. Kredo ya shilingi mia ni shilingi mia. Ukimsambazia ndugu yako kijijini, naye akamuuzia mwenye duka, umetuma pesa bila posta wala basi. Walikuwa wamegundua wenyewe kilichokuwa kikitafutwa na wataalamu.

Wataalamu hao walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone. Kwa msaada wa serikali ya Uingereza walitaka kuunda njia ya wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa simu. Oktoba 2005 walianza majaribio pamoja na shirika la mikopo la Faulu, katikati ya Nairobi, Thika na Mathare, ng'ambo ya pili ya Pangani kutoka Ziwani. Wateja walikuwa wapatao 500 na mawakala wanane. Ulipaji wa mikopo uliwasumbua Faulu, kwa kuwa hesabu zao hazikuoana na mfumo mpya, tena mikutano ya vikundi ikaanza kukosa watu. Lakini wateja walifanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Walitumiana pesa wao kwa wao. Waliweka pesa mjini kabla ya safari na kuzitoa walipofika, wasiibiwe njiani. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu usiku kucha. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani kredo. Waliobuni mradi walikuwa na busara ya kuwasikiliza. Wakaacha mikopo, na huduma yao, M-Pesa, ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, tangazo lake lilikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Kutuma kuligharimu shilingi 30, na kabla mwaka haujaisha wateja walipita milioni moja.

Inafaa kusimama kidogo mbele ya kibanda cha wakala wa miaka ile. Dirisha lenye vyuma, ubao wa kijani, kiti kimoja, na juu ya meza daftari kubwa lenye jalada gumu. Mteja anatoa kitambulisho. Wakala anaandika tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi, kisha anageuza daftari: "Mzee, weka sahihi hapa." Mzee anatia sahihi polepole, na wote wawili wanangoja, macho kwenye simu, mpaka ujumbe uingie. Wakala akikosa floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, anasema, "Rudi saa nane." Asiyejua kusoma alimwomba wakala amsomee salio lake, na wakala aliyefanya hivyo kwa heshima alipata mteja wa maisha. Nalikazia daftari hilo kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba teknolojia iliondoa haja ya kuaminiana. Ziwani haikuiondoa. Ilimtoa kondakta, ikamweka wakala wa pembeni mwa barabara, anayejulikana mtaani na ambaye kesho atakuwa palepale.

Mtihani ulikuja mapema. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka nchini, na Mathare, Kibera na sehemu nyingine za Nairobi zikawaka. Maduka yalifungwa na barabara zikazibwa. Kredo ikawa adimu, na watu waliokwama bila chakula walitumiwa pesa na kredo na jamaa waliokuwa mahali palipotulia. Simu hizohizo zilibeba ujumbe wa chuki wa kuchochea jamii dhidi ya jamii. Na ni kwa simu na kompyuta Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi mnamo Januari 2008, jukwaa lililokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Katika majuma hayohayo kifaa kimoja kiliokoa, kikachochea, kikatoa ushahidi.

Mabenki yaliyokuwa yamewapuuza wateja wa mishahara midogo yaliamka, yakalalamika. Mwishoni mwa 2008 kaimu Waziri wa Fedha John Michuki aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Ukaguzi ulikamilika Januari 2009 bila kupata sababu ya kuizuia. Kufikia hapo kuizuia kungekuwa kuwanyima mamilioni ya nyumba chakula cha jioni.

Ilibadilisha nini hasa? Tavneet Suri na William Jack, wachumi waliofuatilia familia za Kenya kwa miaka kadhaa, waliandika mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilikuwa imezitoa takriban familia 194,000 katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaingia katika biashara. Hesabu hizo ni muhimu, lakini naona mtafiti Olga Morawczynski alikwenda karibu zaidi na maisha ya watu. Aliishi kati ya Kibera na kijiji cha Bukura magharibi mwa Kenya katika miaka ya mwanzo ya huduma hiyo. Aliona pesa zikitumwa mara nyingi zaidi, kwa mafungu madogo, na kipato cha kijijini kikiongezeka. Aliona pia kwamba wanaume walianza kurudi nyumbani kwa nadra, kwa sababu safari iliyokuwa ya lazima ili kupeleka pesa haikuwa ya lazima tena. Wake zao walilalamika. Baadhi waliogopa kwamba mume atapata mwingine mjini. Wengine, kwa upande mwingine, walipata kwa mara ya kwanza mahali pa kuficha akiba yao.

Basi lilikuwa likileta pesa pamoja na mtu, na simu ilivitenganisha hivyo viwili. Watu wengi wa Ziwani, Jericho na Kaloleni walikulia kijijini wakimwona baba mara moja kwa mwezi akiwa ameshika mkate, na wanajua kwamba mkate haukuwa jambo kuu la ziara ile.

Kompyuta ilikuja polepole zaidi, tena kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1990 kijana aliyemaliza kidato cha nne alipelekwa kusomea pakeji za kompyuta, akapata cheti, akaenda kutafuta kazi katika ofisi ambazo nyingi bado zilikuwa na taipu. Intaneti ilipitia setilaiti, ghali na nzito, na saiba, yaani duka la intaneti, ikalipisha kwa dakika. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na bei ikaanza kushuka. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ikahamia mtandaoni: vituo vya Huduma mwaka 2013, eCitizen mwaka 2014, ripoti za kodi kwenye iTax, mikopo ya wanafunzi na nafasi za vyuo. Mwaka 2014 Kaunti ya Nairobi ilianza kukusanya malipo yake kwa eJijiPay, na mkazi wa nyumba ya kanjo hakulazimika tena kushinda kwenye foleni za City Hall.

Hapo saiba ya mtaani, iliyotabiriwa kufa kwa sababu kila mtu ana simu, ilipata uhai mpya. Mwenye saiba leo ni karani wa umma. Anajaza fomu ya cheti cha kuzaliwa, anapeleka ripoti ya kodi kwa KRA, anachapisha barua ya kazi, anamkumbusha mama nywila aliyoisahau. Mzee ambaye baba yake alibeba kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni kwa amri ya mkoloni anaketi kando ya kijana huyo akimtajia kwa sauti nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yake, mbele ya foleni nzima. Sidhani tumefikiri vya kutosha juu ya siri zinazomwagwa kila siku katika vyumba vile vidogo.

Deni nalo likaingia simuni. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilizinduliwa Novemba 2012. Mtu asiyewahi kuingia benki aliweza kukopa usiku wa manane akiwa kitandani, na kwa mwenye mgonjwa hilo lilikuwa jambo kubwa. Programu nyingi za mikopo zikafuata bila udhibiti. Baadhi zilisoma orodha ya majina ndani ya simu, na mkopaji akichelewa zikampigia mkwe wake, mwajiri wake na mchungaji wake. Mtu aliaibishwa kwa deni la shilingi mia saba. Hakuna mkopeshaji wa Gikomba, hata mkali vipi, aliyewahi kuwa na uwezo kama huo. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia majina ya wenye madeni chini ya shilingi 1,000 kupelekwa kwenye orodha ya wasiolipa, na sheria ya mwaka 2021 ikawalazimu wakopeshaji wa simu kupata leseni. Ilichelewa, lakini ilikuja.

Na nyumbani kwenyewe kumehama. Ziwani sasa ina wajukuu na vitukuu wa wale wapangaji wa kwanza. Wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, na kijiji cha babu wanakifahamu kwa mazishi. Mtaa uliopangwa kuwa malazi ya muda ndio kwao, ingawa uliwekwa katika mipango ya kaunti ya kubomoa na kujenga upya mitaa ya zamani. Wengi wa wajukuu hao wamekwenda Dubai, Doha, Riyadh au Muscat kulinda maduka, kuendesha magari na kufanya kazi za nyumbani. Pesa wanazotuma Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, nyingine zikiishia ndani ya simu.

Masharti wanayofanyia kazi, bibi zao wangeyatambua mara moja: kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, kitanda katika chumba cha wengi, mshahara wa mtu mmoja, familia iachwe nyumbani. Tofauti ni kwamba picha ya mtoto inafika kabla hajalala. Lakini Falme za Kiarabu hazikuruhusu kupiga simu kwa WhatsApp, kwa hiyo mama wa nyumba ya kanjo na binti yake aliye Dubai wamezoea kurekodi sauti. Mmoja anazungumza asubuhi kabla mwajiri hajaamka, mwingine anajibu jioni akirudi sokoni, na ada ya shule inatumwa katikati.